Gari lisilo na ndugu Kariakoo

Trafiki wa kwanza kunisimamisha nikiwa na gari hili hakuniomba leseni. Alipita mbele, akainamia boneti, akaitazama nembo kwa muda, ndipo akaja dirishani. "Kaka, huyu nyoka anammeza nani?"

Sikuwa najua. Ilikuwa wiki yangu ya pili na Alfa Romeo, niko Barabara ya Mandela, saa nane mchana, AC imegoma na shati limenigandia mgongoni. Nikamwambia ni alama tu ya kiwanda. Akacheka. "Mtaani watakwambia Frimasoni hao." Akanipungia mkono nipite. Jioni nikakaa na simu nikatafuta. Kampuni ilianzia Milano mwaka 1910. Msalaba mwekundu ni wa mji wenyewe, na yule nyoka ni alama ya ukoo wa Visconti uliotawala Milano zama za kale. Basi swali lina jibu, ila mpaka leo jibu hilo halijamridhisha mtu hata mmoja. Jirani yangu hapa Kigamboni bado haamini kwamba nililinunua kwa mshahara.

Gari lenyewe ni 156 ya mwaka 2004, dizeli, injini ya 1.9 JTD yenye valvu 16, nguvu ya farasi 140, gia sita za mkono. Usukani uko kulia kwa sababu lilitoka Uingereza. Baba mmoja aliyeishi huko miaka mingi alirudi nalo, likasajiliwa namba C, akaliendesha mpaka lilipomchosha. Mwaka 2018 akaniuzia kwa milioni tano na laki sita, huku akinitazama kwa jicho ambalo siku ile nilidhani ni la kujutia. Kumbe lilikuwa la huruma.

Nilitoka kwenye Toyota IST. Aliyewahi kuwa na IST Dar anajua raha yake: unafika Gerezani, kwenye maduka ya spea pale Kariakoo, hujamaliza kutaja unayotaka, kijana ameshaichomoa rafuni. Fundi wa chini ya mwembe anaifungua gizani huku anapiga soga. IST ina ndugu kila kona. Nilipoanza kuulizia bushi za Alfa palepale Gerezani, wa kwanza aliuliza kama ni gari la Kichina. Wa pili aliwaita wenzake waje kuliona. Wa tatu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na yeye alinijibu kitu nilichokiona dharau, kikanichukua karibu mwaka mzima kukielewa: "Kijana, usiniletee jina la gari. Niletee namba ya kitu."

Sitajifanya nililinunua kwa akili. Nililinunua kwa sababu ya sura. Aliyeongoza uchoraji wake anaitwa Walter de Silva, jina ambalo kwa Dar ungedhani ni la Mgoa wa Upanga lakini ni Mtaliano, na mikono ya kufungulia milango ya nyuma aliificha kwenye kona ya dirisha, huku juu, ili gari lionekane la milango miwili. Ni ubunifu mzuri mpaka siku unapompa lifti mama mkwe. Alisimama nje akiupapasa mlango kama anayetafuta swichi ya taa, akachoka, akaniuliza kwa upole, "Baba, huku mnaingiaje?" Tangu hapo nikifika mahali nashuka kwanza. Watu wanaona ni adabu. Namba ya mbele nayo imekaa pembeni, upande mmoja wa ile grili ya pembetatu, na kila baada ya miezi michache kuna mtu ananiuliza niligonga wapi.

Kilichonishikilia baada ya sura ni injini. Magari ya kwanza ya kawaida kutoka kiwandani na ule mfumo ambao leo uko kwenye karibu kila dizeli mpya, bomba moja linalokusanya mafuta kwa msukumo mkubwa na kompyuta inayoamua kila nozeli ifungue lini, yalikuwa 156 za mwaka 1997. Waitalia wa Fiat waliuhangaikia mfumo huo miaka mingi, kisha mwaka 1994 wakawauzia Bosch wa Ujerumani ili waumalizie na kuutengeneza kwa wingi. Weka kumbukumbu ya jina hilo la Bosch. Ndilo lililoniokoa.

Lakini kabla ya kuokolewa nilipata kwanza adhabu ya betri.

Mwezi wa nne hivi, asubuhi, nageuza ufunguo, stata inavuta kwa unyonge kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Inawaka, lakini kwa kusuasua. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa. Nikanunua mpya. Wiki mbili, mambo yaleyale. Fundi wa pili akasema ile betri ni feki, Kariakoo wamekupiga. Nikanunua nyingine kwenye duka lenye risiti. Siku kumi. Fundi wa tatu, wa gereji yenye geti na mlinzi, akasema stata. Ikafunguliwa, ikabadilishwa brashi, nikalipa laki moja na ishirini, na kwa siku tatu gari liliwaka vizuri, nadhani kwa kuniheshimu tu. Siku ya nne liligoma kabisa kwenye foleni ya kivuko pale Feri, pantoni imeshusha mlango, magari nyuma yanapiga honi, na vijana watano wakanisukuma mpaka ndani kwa elfu kumi.

Aliyelitatua alikuwa fundi umeme wa magari, kijana mdogo, hana gereji, anatembea na begi la mgongoni. Hakugusa betri. Alichukua waya mnene wa kuazimia moto, akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri, ya pili akaibana kwenye chuma cha giaboksi, akaniambia washa. Liliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Akalala chini, akatoka na kipande cha waya wa ethi uliokuwa unaunganisha giaboksi na bodi. Kwa nje plastiki ilikuwa nzima. Alipoukunja, ukatoa unga wa kijani kama dawa ya kienyeji. Chumvi ya Kigamboni ilikuwa imeula kwa ndani, nyuzi zilizobaki hazikuzidi kumi. Waya mpya ulinigharimu elfu kumi na tano pamoja na vichwa vyake. Baadaye nikaja kujua kwamba wenye magari ya ukoo huu Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, huo waya ndio kitu cha kwanza wanachokiangalia. Sisi chumvi yetu inakuja yenyewe na upepo wa bahari.

Nasema hivi kwa sababu kuna msemo umezoeleka kwamba gari la Mtaliano lina umeme wa kishetani. Mimi nimekaa nalo miaka, nimebadilisha waya za ethi tatu na kusafisha plagi mbili zilizooza, shetani sijamwona. Nilichokiona ni mafundi wanaobadilisha kitu badala ya kukipima.

Sasa ile kauli ya mzee wa miwani. Gari likaja kuwa zito. Unakanyaga, linafikiri, halafu linaondoka kama limebeba saruji. Nikaambiwa tabo, ile inayosukumia injini hewa, imekufa. Nimeshaumwa na nyoka wa betri, nikakataa kutoa pesa, nikarudi Gerezani kumwuliza tu. Akaniambia nifungue boneti, achomoe plagi ya sensa ya hewa, ile iliyoko kwenye bomba baada ya filta, niendeshe hadi Msimbazi na kurudi. Likaenda vizuri kuliko lilivyokuwa na sensa. "Basi hiyo ndiyo inayomdanganya kompyuta," akasema. Akaifungua, akaifuta kwa kidole gumba chenye mate, akasogeza miwani, akaanza kunisomea tarakimu zilizochapwa kwenye plastiki: sifuri, mbili, nane, moja… Namba ya Bosch. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi la filta, akaniambia niende nacho kwenye maduka ya spea za magari ya Kijerumani, nisitamke neno Alfa.

Nikaenda, nikakiweka kipande cha boksi juu ya kaunta, nikanyamaza. Dada wa dukani akaingia nyuma, akarudi na kiboksi. Laki moja na themanini. Namba kwa namba, herufi kwa herufi. Nilisimama pale kaunta nikajiona mjinga wa furaha: gari langu lilikuwa na ndugu mjini muda wote, mimi ndiye niliyekuwa naliita kwa jina wasilolijua.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuuchora ukoo. Injini ya 1.9 hii iliwekwa kwenye Fiat nyingi, kisha kwenye Opel Vectra na Astra, Saab 9-3, hata Suzuki SX4 za dizeli zilizouzwa Ulaya. Wengi wa ndugu hao ni wageni Dar kama lenyewe, kwa hiyo haisaidii sana kuwajua kwa majina. Kinachosaidia ni kwamba nozeli ni ya Bosch, beringi ya tairi ina namba ya mtengeneza beringi, mkanda wa taimingi una namba ya mtengeneza mikanda, na Gerezani wanajua namba. Na onyo: kufanana siyo undugu. Nozeli mbili za injini hiihii zinaweza kufanana kama mapacha, zote zinaanzia 0 445 110, tarakimu tatu za mwisho zikatofautiana, na hapo usithubutu. Nina daftari la shule, la kurasa 96, kila kitu kinachofunguliwa kwenye gari naandika namba yake kabla hakijarudishwa. Mke wangu analiita kitabu cha vizazi.

Upumbavu wangu mkubwa ulikuja nilipoanza kujisikia mjuzi.

Kwanza rimu. Nilitaka za inchi 17 zenye mikono mitano. Alfa 156 ina matundu matano kwenye duara la milimita 98, kipimo ambacho Toyota hawakitumii na Dar hukikuti. Kijana wa rimu akanipimia za 100. Tofauti milimita mbili tu, akasema, zinaingia, kaza. Na kweli ziliingia. Alfa haitumii nati, inatumia bolti zinazopita kwenye rimu na kujifunga kwenye habu, kwa hiyo bolti ya kwanza ilikaa sawa na nne zilizobaki zikakazwa kimshazari, zimevutwa kwa nguvu ya spana. Kwenye Daraja la Nyerere, spidi 80, usukani ukaanza kutetemeka mkononi mwangu kama simu inayoita. Niliposhuka kuangalia, bolti mbili zilikuwa zimelegea kiasi cha kufunguka kwa vidole. Nilirudi na spidi 30, taa za hatari zinawaka, nikarudisha rimu zangu za zamani za inchi 16 na sijazitoa tena. Kama kuna kitu kimoja mtu akikisoma hapa akakishika, kiwe hicho: milimita mbili kwenye rimu siyo "tu".

Halafu nguvu. Mwaka 2020 nikampata kijana mwenye laptopu anayechipu magari, yaani anabadilisha programu ya kompyuta ya injini ili nguvu iongezeke. Alichomeka waya chini ya usukani, akanywa soda, nusu saa akamaliza. Laki tatu na nusu. Akaniambia sasa una farasi 180. Hapakuwa na mashine ya kupimia, hivyo hao walikuwa farasi wa kutajiwa, lakini sikatai kwamba kitu kilibadilika. Likikanyagwa gia ya pili tairi za mbele zilikuwa zinakwaruza lami. Lilikuwa pia linatoa moshi mweusi kama tanuru la mkaa. Bodaboda mmoja alinifuata kutoka Kongowe mpaka mataa ya mbele kwa kusudi la kunitukana tu, na alikuwa na haki.

Miezi mitatu baadaye nikaenda Iringa kwenye send-off ya binamu, mimi na shemeji. Tulipita Mikumi, Ruaha Mbuyuni, gari linakwenda kama maji. Tukaanza kupanda Kitonga. Mbele kuna malori manne yamebanana, linatokea pengo, nikakanyaga nipite. Mshale wa mizunguko ukaruka kutoka elfu mbili hadi elfu nne, na gari, badala ya kuondoka, likapunguza mwendo. Harufu ikaingia ndani, ile ya klachi, ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Shemeji akafungua dirisha akasema, "Kuna lori linaungua huko mbele." Nikanyamaza.

Nilibana pembeni. Malori yakawa yananipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, na utingo wa moja alikuwa kweli anatembea, kabeba gogo la kuwekea tairi. Alipofika usawa wangu akanusa hewa, akatazama gari, akatazama nyoka. "Bosi, weka namba moja, uje na sisi." Ndivyo nilivyoumaliza mlima wa Kitonga na farasi wangu 180: gia ya kwanza, nyuma ya tela la saruji, nyuma ya kijana mwenye gogo.

Kiwandani injini hii hutoa msukumo wa Nm 305 kwenye mizunguko elfu mbili tu, na klachi pamoja na ile flaiwili ya tabaka mbili yenye springi ndani vilikuwa vimezeeka kwa msukumo huo. Yule kijana aliongeza, hakuna aliyeuliza klachi ina umri gani. Hakuuliza yeye, sikuuliza mimi. Nilirudi Dar kwa kubembeleza, nikaagiza klachi na flaiwili Uingereza, na pamoja na ufundi ikafika milioni mbili na laki tatu, karibu nusu ya bei niliyonunulia gari zima. Nikamwambia kijana wa laptopu arudishe programu ya kiwandani. Alikuwa ameihifadhi, sifa hiyo nampa. Kama hakuihifadhi ningekuwa bado nahangaika.

Mafuta ni habari nyingine. Vijana wa sasa wanalitumia neno kuchakachua kwa kura, kwa mitihani, hata kwa mapenzi, wengi hawajui kwamba umaarufu wake ulipanda na mafuta. Watu walichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa nafuu, mpaka mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Landrova ya zamani ingekunywa mchanganyiko ule na kukohoa tu. Lakini kwenye mfumo huu mafuta yanasukumwa kwa zaidi ya baa 1,300. Tairi lako lina kama mbili na robo. Dizeli ndiyo oili ya pampu na nozeli. Ikiwa nyepesi, au ina maji, chuma kinasagana na chuma.

Mimi niliyapata mabaya mara moja, usiku, kwenye sheli ya njiani nisiyoifahamu, kwa sababu taa ya mafuta ilikuwa inawaka na nilikuwa na uvivu. Siku chache mbele, gari linazunguka sekunde nane ndipo liwake. Gereji moja ikanipimia kwa mashine, ikasoma msukumo mdogo, ikatoa hukumu: pampu kubwa imekufa, milioni tatu na nusu. Hapo nilishajifunza. Nikaenda kwa mzee mwingine, fundi wa nozeli.

Mzee yule akaniomba nimnunulie maji ya kunywa chupa nne ndogo. Nikadhani ana kiu na wageni. Akamwaga maji, akazikung'uta na kuzianika juani. Akachomoa mirija ya kurudishia mafuta juu ya nozeli zote nne, akaweka mipira yake, kila mmoja ukaingia kwenye chupa yake, akazifunga kwa raba kando ya injini kama watoto wa ndege wanaosubiri kulishwa. "Washa." Tukakaa dakika tano hatuongei. Chupa ya kwanza, kina cha kidole kimoja. Ya pili, kidole kimoja. Ya nne vilevile. Ya tatu ilikuwa imepita vidole vitatu na bado inapanda. Mzee akaigonga kwa ukucha: "Huyu ndiye mlevi wa nyumba. Pampu inaleta, yeye anakunywa na kurudisha tenki. Msukumo utapanda saa ngapi?" Nozeli moja, iliyofanyiwa matengenezo na kupimwa mezani kwake, laki nne na nusu. Pampu ni ileile mpaka leo.

Tangu hapo najaza sheli mbili tu, mchana, na filta ya dizeli naibadilisha kila kilomita elfu kumi, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona tenki la chini ya ardhi baada ya masika ya Dar.

Na thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Sijui nani aliwafundisha mafundi wetu kwamba Dar hakuna haja ya thamostati, lakini amefundisha wengi. Gari lilikuwa linapandisha joto kwenye foleni ya Mbagala, AC ikiwa imewashwa. Barabara ikifunguka, mshale unarudi. Nililiacha gereji asubuhi, jioni nikakabidhiwa likiwa baridi. Fundi akanionyesha thamostati mkononi kwa fahari, kama daktari na jino alilong'oa. Wiki mbili nilifurahi. Kisha nikaona mshale haufiki hata 70, na lita moja iliyokuwa inanipeleka kilomita 14 kwa mchanganyiko wa mjini na nje sasa inanipeleka 11. Injini hii inataka 90 hivi. Ikibaki ya uvuguvugu, kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta, masizi yanajaa kwenye EGR, valvu inayorudisha moshi ndani ya injini. Nilipokuja kuifungua ile valvu, niliyatoa kwa kijiko, mazito kama uji wa ulezi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye feni. Ina spidi mbili, na ya kwanza hupita kwenye rizista ndogo iliyo kwenye fremu yake. Ile ikiungua, feni inabaki na spidi ya pili tu, inayoamka wakati joto limeshapanda sana. Kwenye mwendo upepo wa barabara unatosha. Kwenye foleni, hakuna upepo, hakuna spidi ya kwanza. Rizista mpya, thamostati mpya, rejeta ikafunguliwa na kusafishwa, na sasa nasimama Mbagala saa moja jioni AC inavuma, mshale umelala katikati. Haya ndiyo mageuzi ninayojivunia. Hakuna anayeyapiga picha.

Yapo na mengine ya aina hiyo. Tairi nilihama kutoka 205/55 kwenda 205/60, rimu zilezile. Gari likapanda sentimita moja. Na kwa bahati njema spidi ya kiwandani ilikuwa inazidisha kidogo, sasa mshale unakaribiana na GPS ya simu, jambo jema ukizingatia wale wenye tochi. Chini ya injini niliweka bamba la chuma la milimita tatu, maana sampu, lile bakuli la oili, ya 156 ni ya aluminiamu na imekaa chini, na matuta ya mitaani kwetu kila mwenye nyumba anajijengea la kwake. Mchomeleaji wa Gerezani alilikunja vizuri, akalipaka rangi, akasahau tundu la kumwagia oili. Sevisi ya kwanza tulifungua bolti nane ili kufikia moja. Sasa lina tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa, alilitoboa huku analaumu Waitalia.

Mkanda wa taimingi nabadilisha pamoja na wotapampu, kwa sababu mkanda ndio unaoizungusha. Hapo sina kisa, na sitaki kuwa nacho.

Kilichobaki ni mikono ya juu ya mbele, ile inayoshikilia tairi. Kila 156 duniani hufika siku ikaanza kulia hapo, mlio wa kitanda cha chuma cha bweni, na wa kwangu umerudi tangu mvua za mwezi uliopita. Nikipita juu ya tuta la msikitini, wazee wa barazani wanageuka wote kwa pamoja. Nimepuliza grisi, umenyamaza siku mbili. Gerezani safari hii namba haikusaidia. Mzee wa miwani ameiangalia, akatikisa kichwa, akasema huyu hana ndugu hapa. Dada yangu anarudi kutoka Birmingham Desemba. Nimemwandikia namba mbili, ya kulia na ya kushoto, nikamwomba azibebe kwenye begi. Amenijibu kwa sauti ya dakika tatu kuhusu kilo 23 za ndege, vitenge ambavyo wifi zake wamemwahidi kumpeleka sokoni kuvinunua, na mtu mzima anayemwomba dada yake abebe vyuma. Mwishoni kabisa, akiwa kama anataka kukata, ameuliza: "Hivi vina grisi? Nivifunge kwenye nini?"